Iache Kwanza Ipate Joto

Kitale, Ijumaa alasiri, mwezi wa Januari. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu niteremke mlimani: miwili ya kwanza Bungoma, kumi na saba hapa.

Nasimiyu mwanangu,

Umeenda kuwaaga kina mama wa kanisa, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa maana wale hawamwachi mtu aende bila chai mbili na maombi matatu. Nimesogeza kando multimita na mkebe wa skrubu nikapata nafasi ya karatasi. Stima imepotea tangu saa nane. Hata nikitaka kujificha nyuma ya kazi, leo siwezi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kuepuka kwenye stendi. Hayo mama yako angeyasema vizuri kuliko mimi, nawe ungeitikia "ndiyo, mayi," kisha ukafanya upendavyo. Nakuandikia kwa sababu wiki hii umeniuliza maswali mawili na sikujibu hata moja.

La kwanza uliniuliza Jumanne, hapa hapa mezani. Ulikuwa umeifungua bodi yangu ya zamani, ile niliyoutengenezea mtambo wa redio kule kilimani juu ya Endebess ili mawimbi yake yasitangetange, ukaiweka kando ya bodi yako uliyoijenga ili kuwaonyesha hao watu wa Kampala wanaokuajiri.

"Papa, hii yako ni mzee wa kijiji," ukasema. "Inahesabu mara elfu moja ndipo iwashe taa ya kijani. Halafu ikikwama, inangoja dakika tano kabla ya kujiriseti. Dakika tano! Yangu ikikosa mara moja tu, inaanza upya papo hapo."

"Itakusumbua."

"Itanisumbua aje, na hapa inafanya poa?"

Nikainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

La pili uliniuliza jana asubuhi. Ndugu yangu Wafula alikuwa amepiga simu kutoka Kapsokwony kusema wazee wamekaa, wamekubaliana, uwanja wa nyumba yetu ya zamani kule mlimani umefyekwa, na mimi nangojwa. Ulisikia yote, kwa sababu baba yako mdogo huongea na simu kana kwamba anaita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Ukaweka kikombe chini.

"Papa, kubali. Mimi siwezi kukuacha hapa na paka."

"Paka huyu ana akili kuliko watu wengi."

"Usinichekeshe. Kama hurudi kwa watu wako, Jumamosi sipandi gari. Nitawaandikia wale wa Kampala wampe mwingine hiyo kazi."

Nilijua hukuwa na mzaha, kwa maana ulisema polepole. Hasira yako ni ya mama yako, haina kelele. Nikakuambia nitakujibu kwa maandishi, kwa sababu mdomo wangu umezoea kukimbia. Basi nakujibu, na nitaanza na bodi.

Wewe umeyasoma mambo haya chuoni. Mimi nilijifunza kwa kuharibu. Lakini nadhani nililielewa jambo lenyewe kabla sijashika chuma cha kulehemu, nikiwa nyuma ya plau ya baba yangu. Ukimfunga maksai mchanga na maksai mzee kwenye nira moja, mzee ndiye fuwele, kile kijiwe kinachoipa bodi mapigo yake: mwendo wake ni ule ule, hana haraka na hana uvivu. Mchanga ndiye kile kipande kinachozaa mawimbi ya redio: nguvu anazo, mwendo haujui. Akitangulia anarudishwa, akibaki nyuma anavutwa. Mtu anayelinganisha hatua zao na kuvuta kamba kidogo kidogo, huyo ndiye saketi nzima. Mfuo wa kwanza huwa kama nyoka. Wa pili una afadhali. Baadaye unatazama nyuma unaona mstari, na huwezi kusema ni hatua ipi waliyoshikana. Sisi mafundi wa huku husema saketi "imeshika", na ikipoteza mwendo husema "imeachia". Sijui nani alianza kuyatumia maneno hayo, lakini ningeapa alikuwa amelima.

Shida ni kujua nani aseme kwamba wameshika, na aseme lini. Hatua mbili zinaweza kulingana kwa bahati tu. Hata walevi wawili wakitembea barabara moja, ipo hatua watakayoikanyaga pamoja. Ndiyo sababu nahesabu elfu moja zinazofuatana bila kukosa hata moja, ndipo niwashe taa. Baada ya hapo, likitokea kosa moja, sizimi. Kujikwaa kwenye jiwe si kuachana. Nangoja makosa thelathini na mawili yafuatane. Kuingia kuwe kugumu na kutoka kuwe kugumu. Taa ya namna hiyo haipepesi ovyo.

Sikuzaliwa nikijua hayo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la dirisha, yaani ile tofauti tunayoivumilia kati ya hatua mbili na bado tukasema zinalingana. Kile kituo cha redio kilikuwa vyumba viwili mjini na kibanda cha mtambo juu ya kilima, lakini wakulima walikitegemea kwa bei ya mahindi, matangazo ya vifo na ng'ombe waliopotea. Msimamizi wake alichoka kuiona taa nyekundu.

"Fundi, hii taa inanipa presha," akaniambia. "Siwezi kulala."

Badala ya kutafuta kilichokuwa kinautikisa mtambo, nikapanua dirisha mara nne. Taa ikawa ya kijani asubuhi hadi jioni. Msimamizi akaninunulia nyama choma. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja, redio yake kwapani, amekasirika kama aliyeibiwa. Akasema kituo kinatangatanga, mara kipo, mara kimekwaruza, mara kimeingiliwa na nyimbo za Uganda. Taa ilikuwa ya kijani wakati wote alipokuwa anaongea.

Nilikuwa nimefanya vivyo hivyo Bungoma, kabla hata ya kuujua mtambo ule. Wewe ulikuwa na miaka mitano na huenda unakumbuka tu sauti ya adhana, kwa kuwa chumba chetu kilikuwa nyuma ya msikiti. Mwenye nyumba alikuwa Mama Rukia, mjane aliyeuza vitumbua. Kila asubuhi aliniuliza, "Fundi, mmezoea?" Nami nikamjibu, "Tumezoea sana, mama." Mwaka mmoja na nusu nikasema hivyo. Siku moja akaingia kumletea mama yako vitumbua, akaziona nguo zetu ziko kwenye magunia, zimekunjwa kama za watu wa safari.

"Mmezoea, na hata msumari hakuna?" akasema. "Fundi, mtu aliyezoea ana msumari."

"Nitapigilia kesho."

"Kesho yako naijua." Akaenda, akarudi na nyundo, akaupigilia mwenyewe ukutani, akachukua koti langu begani akalitundika. "Sasa sema umezoea."

Nilicheka, kisha alipoondoka nikalishusha koti. Niliona kama nikiliacha pale nitakuwa nimekubali jambo. Kampala watakuuliza kama umezoea. Watauliza kwa upendo, kama Mama Rukia. Waambie bado, mpaka iwe kweli. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa taa nyekundu ya kweli.

Kosa la pili ndilo uliloliona Jumanne bila kujua umeliona.

Unakijua kile kisanduku cha bati kwenye bodi yangu, ulikigonga kwa kucha ukauliza kama ni cha sukari. Ndani yake ndimo kinamokaa kile kipande kinachozaa mawimbi, pamoja na kipasha joto kidogo. Kikiwa baridi, hakifiki kwenye masafa yanayotakiwa hata ukikivuta kwa volti zote ulizonazo. Kikipata joto, hufika chenyewe, bila ugomvi. Nami niliandika programu hivi: kisiposhika kwa sekunde ishirini, kata umeme wote, ngoja sekunde thelathini, anza upya. Nikaijaribu hapa mezani mara arobaini. Ilishika kwenye sekunde ya saba kila mara. Nilijiona mhandisi. Sikufikiri kwamba meza hii iko chini ya bati lililopigwa na jua la Kitale, na kwamba kisanduku kilikuwa kimeshaota jua kabla sijakiwasha.

Ikaja Julai. Stima ya kilimani ikapotea usiku, ikarudi alfajiri, na mtambo haukuamka. Nikaitwa. Mama yako alikuwa anaenda Endebess kununua mbegu za viazi, tukaenda pamoja, akasema atanisindikiza hadi juu kwa kuwa hajawahi kuona redio inakotokea. Baridi ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Nikafungua mtambo, nikabadilisha chipu, nikalehemu upya miguu ya ile nyingine, nikapuliza vumbi. Saa moja na nusu ikapita. Mama yako Nekesa alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki, mfuko wa mbegu mapajani, anatazama mshale wa mita.

"Baba Nasimiyu."

"Mmh."

"Huo mshale unapanda. Umepanda, umepanda, halafu, tap, umeanguka. Nani anauangusha?"

"Ni programu. Inaona haijashika, inaanzisha upya ili ishike vizuri."

"Programu ya nani?"

"Yangu."

Mshale ukapanda, ukaanguka.

"Maharagwe hayaivi ukiyaepua kila dakika kuangalia kama yameiva," akasema. "Iache kwanza ipate joto."

Nikamwambia mambo haya yana hesabu zake.

"Haya, fundi. Hesabu."

Nilihesabu kwa nusu saa nyingine, kwa kiburi tu, maana nilikuwa nimekwisha kuelewa alipotaja maharagwe. Kila nilipokuwa naanzisha upya, nilikuwa nakizima hata kile kipasha joto. Sekunde ishirini za kupata moto, thelathini za kupoa. Mtambo haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa na mimi. Nikachomoa waya wa riseti, nikakaa chini. Dakika ya kwanza mshale ukapanda polepole. Ya pili, ya tatu. Katika dakika ya nne ukatulia, taa ikawaka, na kutoka kwenye redio ndogo niliyokuwa nayo mfukoni ikasikika sauti ya mtangazaji akisoma majina ya marehemu.

Nilimgeukia Nekesa ili anicheke. Hakucheka. Alikuwa bado anautazama mshale.

"Sasa na sisi?" akasema.

"Nyinyi mna nini?"

"Sisi utatuacha lini tupate joto?"

Tukateremka kilima. Alikuwa amebeba mbegu zake mwenyewe na hakunipa nimsaidie.

Nilijua anasema nini. Tangu tuje Kitale, kila ziliposikika habari kwamba watu watarudishwa mashambani kwao, mimi niling'oa kila kitu. Nilisema kuanza upya ni ujasiri. Nikasikia majina ya watakaorudishwa yanaandikwa, nauza ng'ombe. Nikasikia kikao kimeahirishwa, natafuta ng'ombe mwingine. Mama yako alipanda mche wa parachichi nyuma ya nyumba, nikaung'oa, nikamwambia mparachichi unataka miaka na sisi hapa hatuna miaka. Akapanda wa pili, nikaung'oa. Wa tatu aliupanda kwenye sufuria mbovu ili uweze kubebwa, ukafa kwa kubanwa mizizi. Hakunilaumu siku hiyo. Aliiosha ile sufuria akaiweka juani.

Sasa nafika mahali ambapo barua hii ilikuwa inaelekea tangu mwanzo, na nimesimama mara mbili kunoa penseli ambayo siitumii.

Ulikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Nilikutoa shuleni mwezi wa Mei kwa sababu kulisemwa majina yanasomwa Kapsokwony. Tukakaa wiki sita kwenye uwanja wa kanisa chini ya mlima. Majina yetu hayakusomwa. Tukarudi Kitale, shule ikasema nafasi imejaa, ukaingizwa nyingine. Mwaka uliofuata ukaanza tena darasa la nne, na mwezi wa pili nikakutoa tena, kwa habari zile zile kutoka mdomo mwingine. Mwaka wa tatu ulikuwa mrefu kuliko watoto wote wa darasa hilo, na walikuita Nyanya wa darasa la nne. Najua walikuita hivyo. Nilikuwa nasikia wakipita hapa mlangoni.

Jioni moja ulikuwa unasugua sufuria kwa majivu, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Papa, mimi ni mjinga?"

Nikakujibu, "Soma kwa bidii."

Jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko hilo. Lilikuwa: hapana, ni mimi. Mwalimu wako alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba unaelewa polepole, na mimi niliweka sahihi yangu chini ya maneno hayo. Ningeweza kwenda kumweleza. Niliona aibu kumwambia mtu mgeni kwamba nimekuwa nikimbeba mtoto huku na huko kama gunia. Nikaona ni rahisi wewe uwe mzito.

Hukuwa mzito, Nasimiyu. Ulikuwa unaondolewa kabla hujashika. Ripoti ile ilipima subira yangu ikaandika jina lako juu.

Jumanne nilipoiona bodi yako, inavyojizima na kuanza upya kwa kosa moja tu, kosa moja kati ya maelfu, nilijua ni nani aliyekufundisha. Nimekuona ukichana daftari zima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nimekuona ukimwacha rafiki kwa neno moja, kisha ukatafuta mwingine. Nilikuwa nasema huyu mtoto ana msimamo. Kumbe ni programu yangu, inaendelea kufanya kazi ndani ya mtu mwingine. Nakuomba unisamehe. Usipoweza leo, sina haraka. Kungoja ndiko nilikojifunza mwishowe.

Usinielewe vibaya kuhusu riseti. Sikuiondoa kabisa kwenye bodi. Vipo vitu vinavyokwama kweli, na ukivingoja havitakuja. Siku tuliyoteremka mlimani ilikuwa riseti ya lazima. Tulisikia milango ya majirani ikivunjwa, mama yako akakufunga mgongoni ukiwa mkubwa wa kutosha kutembea, tukaondoka tukiacha chakula jikoni. Tungengoja ile dakika moja ya kuchukua vyeti, nisingekuwa hapa naandika. Kwa hiyo bodi yangu bado inaweza kuanza upya. Lakini inangoja dakika tano kwanza, na ikianza, inafuta hesabu tu. Kipasha joto hakiguswi. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na ukiweza, liweke kwenye bodi yako kabla hujawaonyesha hao watu. Kampala si baridi, lakini hujui mtambo wako utapelekwa wapi.

Kesho yake baada ya siku ile ya kilimani nilienda kwenye kitalu nikanunua mche wa parachichi, nikamkabidhi mama yako bila hotuba. Aliupanda mahali pale pale. Wewe ukabaki shule moja, darasa moja baada ya jingine, hadi mtihani wa mwisho. Mwaka wa pili nilisikia tena kwamba majina yanasomwa. Nilienda peke yangu, asubuhi, nikarudi jioni. Nekesa aliniona nikiingia akaniuliza kama nimekula, na nikajua hiyo ndiyo sifa nitakayoipata.

Mparachichi ulizaa mara tatu kabla mama yako hajafa. Alipozidiwa aliniambia azikwe karibu nao. Unakumbuka wazee walivyotujia, na Wafula mbele yao. "Ati mke wetu azikwe kwenye ploti ya mji, kama mtu asiye na kwao?" alisema, machozi yakimtoka. Mwaka mzima hakunisemesha. Simlaumu. Alikuwa amebaki kule kwa shangazi, kijana, akakaa mlimani miaka yote hii akitulindia mpaka wa shamba kwa kuulima hatua mbili kila msimu ili wasiseme umeachwa. Simu yake ya jana ni ya mtu aliyengoja kwa uaminifu, na nikimjibu hapana nitamuumiza. Nataka ujue kwamba nalijua hilo.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka juzi, ulipokuwa chuoni, nilipanda pikipiki nikaenda. Ile barabara bado ni ya kushikilia moyo kwa mkono. Miguu yangu iliijua njia ya kwetu kuliko macho. Ilikwepa jiwe ambalo halipo tena. Mto ulikuwa na sauti ile ile. Nililia, na sikuona haya, maana Wafula naye alikuwa analia huku akinicheka: "Tazama mtu wa Kitale, bana, unakanyaga udongo kama ni moto!" Tukala viazi vya kuchoma. Mchana nikapita peke yangu hadi uwanjani petu. Watoto wawili walikuwa wanachunga kondoo pale palipokuwa jiko la mama yako. Mmoja akanisalimia kwa adabu kubwa, akaniuliza, "Mzee, unatafuta nani?"

Nilisimama nikafikiri. Nilitaka kumpa jina, na kila jina nililolifikiria liko Kitale.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, lakini nitalisema wazi, kwa sababu nimekufundisha mambo mengi kwa kutosema.

Hunitelekezi. Unaniacha kwenye meza yangu, na mlangoni wanaingia watu wanaoniita kwa jina, akiwemo yule mzee wa redio ya kwapani, ambaye bado ananidharau. Nyuma ya nyumba kuna mparachichi unaohitaji kupogolewa mwezi wa tatu, na chini yake yuko mama yako, ambaye nilimchelewesha sana kupata joto na sitamwacha sasa. Kwenye ukuta huu kuna misumari sita. Nimeihesabu sasa hivi.

Najua utauliza kama nimepanua dirisha ili taa iwake. Nimelipima kwa dirisha dogo kuliko yote. Zipo asubuhi ninazoamka nikiusikia ule mto, nikajua kabisa niko wapi, na bado nikausikia. Hizo nazihesabu kama makosa, kwa uaminifu. Hazijawahi kufika thelathini na mbili zinazofuatana.

Kwa hiyo kesho utapanda gari. Usiwaandikie watu wa Kampala neno lolote isipokuwa kwamba uko njiani. Ukikosea kazini wiki ya kwanza, na utakosea, usichane daftari. Kaa. Ikifika dakika ya tano na bado umekwama, nipigie, tufute hesabu pamoja.

Njia itakupitisha Chwele hadi Lwakhakha, na mlima utakuwa mkono wako wa kulia safari nzima. Utazame. Ni mzuri, na ni kwenu pia, ukitaka siku moja kujenga pale una haki zaidi ya niliyo nayo mimi. Kabla hujavuka mpaka, mpigie baba yako mdogo. Mshukuru kwa uwanja alioufyeka. Mwambie apande viazi pale, udongo ule unavipenda. Kisha mwambie kwa heshima, na umwambie kama nilivyoandika, bila kulainisha: mimi mlimani sitarudi.